Vibao vya Wageni, Msimu wa Kugeuza

Jumatatu, 4 Machi

Vibao vimefika, na ni vizuri kuliko tulivyostahili. Vinane, vya bati zito, buluu iliyokolea na herufi nyeupe, kila kimoja kimeviringishwa kwa blanketi kama mgonjwa. Juu ni lugha yetu, chini yake Kijerumani, Kichina na Kiitaliano. Mafundi wa makao makuu wamevifunga kwa boliti na kumaliza kabla ya saa nane, kisha wakanipa karatasi nikague, maana mimi ndiye niliyejaza fomu mwezi wa kwanza: choo kiko wapi, tiketi zinakatwa wapi, wanaokwenda kwenye maporomoko wasubiri wapi. Nimesaini. Sijui neno hata moja la lugha hizo, lakini mshale ni mshale.

Tangu kitabu kimoja cha watalii kiyataje hayo maporomoko, stesheni yetu ya majukwaa mawili na mabenchi matatu inashukiwa na watu wenye mabegi makubwa kuliko wao wenyewe. Mpaka jana walikuwa wakija dirishani kunionyesha simu zao, nami nawaonyesha kidole. Miaka kumi na tisa ya ukarani wa tiketi, na kilichochoka ni kidole.

Mkuu wa stesheni amevitazama vibao mikono nyuma. "Safi," akasema. Kwake hiyo ni hotuba.

Jumanne, 5 Machi

Nimevifuta vumbi vyote kabla ya treni ya kwanza. Wifi akanicheka: "Hata kaka yangu hujawahi kumfuta hivyo!" Anauza chai jukwaani kwa birika mbili, na mdomo wake hauna breki. Huyo kaka yake, mume wangu, yuko kwenye safari za lori. Hurudi akikumbuka njia.

Alhamisi, 7 Machi

Watalii sita. Wamesoma, wamefuata mshale, wamevuka reli kwenye kivuko cha mbao, wamesubiri jukwaa la pili, wamepanda, wamekwenda. Hakuna aliyekuja dirishani kuuliza. Nimeona fahari, halafu nikaona kama sina kazi.

Jumamosi, 16 Machi

Joto la kukamua mtu. Mawingu upande wa milimani.

Jumatano, 20 Machi

Mvua imeanza alfajiri, na si ya kutania. Saa tatu na nusu Mkuu akatoka na nyundo, akagonga mara mbili kile kipande cha reli kinachoning'inia mlangoni. Abiria waliokuwa wakielekea kivukoni wakageuka, wakarudi jukwaa la kwanza bila hata kukatiza maongezi yao. Mimi nilikuwa nakata tiketi, nikaendelea kukata. Nilikata tatu zaidi ndipo nikakumbuka vibao.

Niandike jambo hili hapa, maana halijaandikwa popote. Stesheni yetu ina njia mbili. Kwa mujibu wa kanuni, treni ya mizigo, ambayo haisimami kwetu, hupita njia ya kwanza, hapa mbele ya ofisi. Ya abiria huingia njia ya pili, ng'ambo, ikaisubiri ipite. Kiangazi ndivyo tunavyofanya. Lakini chini ya njia ya kwanza kuna mtaro ulioziba tangu enzi na enzi. Mvua ikinyesha maji yanajaa, kokoto zinalegea, na treni nzito haipitishwi hapo na mtu mwenye akili timamu. Basi tunageuza. Mizigo inapita njia ya pili, abiria wanapandia njia ya kwanza. Kengele ikilia mara mbili, imegeuka. Madereva wanajua, mgeuza njia anajua, watoto wa shule wanajua, nadhani hata mbuzi wanajua. Makao makuu hawajui, na hatujataka wajue. Stesheni inayofuata baada ya yetu iliripotiwa kuwa tuta lake limelegea, wakaifunga "kwa muda". Huu ni mwaka wa kumi na mbili. Paa lake limeota mti.

Fomu niliijaza mwezi wa kwanza, jua linawaka. Iliuliza abiria wanasubiri wapi. Niliandika ukweli wa mwezi wa kwanza. Kugeuza hakukunijia kichwani kabisa, kama mtu anayeulizwa ana vidole vingapi asivyokumbuka kutaja kucha.

Leo watalii wanne walikuwa jukwaa la pili, pale pale kibao kilipowapeleka. Treni yao ikaingia la kwanza. Wakatazama kibao, wakatazama treni, wakatazamana, halafu wakakimbilia kivukoni, wakakatiza njia ya pili. Treni ya mizigo ikapita juu ya njia hiyo hiyo dakika sita baadaye.

Nimehesabu kwa saa ya ukutani. Sita.

Alhamisi, 21 Machi

Imegeuka. Nimeingia ofisini kwa Mkuu kabla hajavua koti.

"Mkuu, kile kibao cha jukwaa la pili kitoke, au kifunikwe mpaka mvua iishe."

"Hakiguswi. Mwezi ujao wanakuja kupiga picha za vibao, wakute nini?"

"Kuna mtu atakufa."

"Miaka mingapi tunageuza? Nani amekufa?"

"Tuliokuwa tunageuza nao wanaijua kengele."

"Na hao wana masikio."

"Wanayo, Mkuu. Wataisikia vizuri tu. Watadhani tunawakaribisha."

Akatazama dirishani upande wa mtaro. Mwishowe akasema, "Mama Tiketi, unataka ripoti, andika ripoti. Ila ujue ukiandika, treni itapita hapa kama inavyopita pale kwenye mti juu ya paa. Halafu uende ukawaambie watu wewe mwenyewe."

Amebakiza miezi mitano astaafu. Anataka aifikishe stesheni salama hadi siku yake ya kukabidhi funguo, basi. Mtu mzima ovyo. Nimeandika hivyo na sifuti.

Ijumaa, 22 Machi

Imegeuka. Nilikifunika kibao kwa gunia la mkaa la wifi. Saa nne Mkuu akalivua mwenyewe, akalikunja vizuri, akaliweka dirishani kwangu. Watalii watatu. Dakika tano.

Jumapili, 24 Machi

Jua. Haijageuka. Nimelala mchana kama mtoto.

Jumatatu, 25 Machi

Imegeuka. Nimechora kwenye ubao wa boksi: treni, mshale wa kurudi, na mtu amefungua mdomo kwa hofu. Nilifanya kazi hiyo jioni nzima, na mtu wangu nilimpa hata meno. Nikaliegemeza boksi chini ya kibao. Mtalii wa kwanza akalipiga picha. Wa pili akamwomba wifi alishike, akampiga picha nalo, na wifi akatabasamu na meno yote thelathini na mbili. Walipomaliza kufurahi, treni yao ilikuwa imeshaingia jukwaa la kwanza, wakakimbia kuvuka.

"We mwanamke, unatabasamu nini?" nikamfokea.

"Sasa mtu akinipiga picha ninune?"

Nikamweleza yote, mpaka fomu, mpaka saini yangu. Akatua birika. Dakika tano.

Jumanne, 26 Machi

Wifi amehamia jukwaa la pili na birika zake. Wakifika watalii anawaswaga kuwarudisha jukwaa la kwanza, "Huku! Huku! Pii-pii!", anapiga honi kwa mdomo na kuzungusha mikono. Baadhi wanamfuata. Baadhi wanadhani anauza chai kwa nguvu, wanatikisa kichwa kwa adabu na kubaki chini ya kibao. Mtu akiwa ugenini, kati ya bati la serikali lenye lugha ya mama yake na mwanamke anayepiga kelele, ataamini bati. Hata mimi ningeliamini.

Alhamisi, 28 Machi

Imegeuka. Watalii wawili. Dakika tano.

Ijumaa, 29 Machi

Imegeuka. Hakuna mtalii. Nimekula vizuri.

Jumatatu, 1 Aprili

Treni ya mizigo imebadilishiwa ratiba. Inatoka mapema sasa. Watalii watano, dakika nne. Mmoja alisahau mkoba kwenye benchi, akarudi kuuchukua, akavuka tena. Nilimfuata kwa macho kutoka dirishani huku mtu mbele yangu ananidai tiketi, na nikamkatia ya kwenda asikokwenda.

Jumatano, 3 Aprili

Imegeuka. Dakika nne.

Alhamisi, 4 Aprili

Imegeuka. Tatu na nusu. Nimeanza kuota kivuko kile. Mbao zake ninazijua moja moja, ya tano kutoka huku imepinda na imeacha ufa wa kuingia kiganja.

Jumanne, 9 Aprili

Wamekuja wa picha, vijana wawili wenye viatu vyeupe. Bahati yao hakukuwa na mvua. Walimwomba wifi asogee, eti birika yake inaharibu picha. Akasogea hatua moja. Wakamwomba tena. Akawaambia, "Wanangu, mimi ndiye kibao chenyewe, hilo ni pambo." Wakacheka wakidhani ni utani. Mkuu alisimama kando ya kibao amenyoosha mgongo, wakampiga picha na yeye. Nilimtazama nikasema kimoyomoyo, haya, picha yako umeipata.

Mmoja wao aliniuliza kama kuna lolote la kurekebisha. Aliuliza hivyo hivyo, kalamu mkononi. Mkuu alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Nikasema choo kinahitaji taa.

Ndicho nilichosema. Taa ya choo.

Jumamosi, 13 Aprili

Mgeuza njia alikuja dirishani kujikinga mvua. Mtu wa maneno machache, mikono yake imekuwa migumu kama ule wenzo anaouvuta. Nikamwambia nimechoka na Mkuu, mtu anayelinda kiti kuliko roho za watu.

"Humjui, Mama Tiketi."

"Miaka tisa nafanya naye kazi."

"Ile stesheni yenye mti, unajua nani aliiandikia ripoti?"

Nilikuwa sijui. Akanieleza. Mkuu alikuwa msaidizi pale, na kijiji kile ndicho kwao. Tuta lilikuwa limelegea kweli, akaandika kweli. Wakafunga kwa muda. Mama yake alikuwa mgonjwa wa figo, akipanda treni mara mbili kwa wiki kwenda hospitali kusafishwa damu. Treni ilipoacha kusimama wakawa wanambeba kwa baiskeli mpaka barabara kuu, kilomita kumi na nne, siku nyingine gari wanalikuta, siku nyingine hawalikuti. Hakumaliza mwaka.

"Na watu wa kwao mpaka leo hawamwiti jina," mgeuza njia akasema. "Wanamwita Ripoti."

Niliyoyaandika tarehe 21 Machi yapo pale pale, sijayafuta. Lakini nimeyasoma tena na uso umeniwaka. Nilikuwa nikidhani haogopi kitu ila kupoteza kiti. Kumbe ukweli alishawahi kuusema, na akaulipia na mama yake. Sasa mimi namwendea kila asubuhi kumwambia aseme tena.

Jumatatu, 15 Aprili

Imegeuka. Mbili na nusu.

Jumanne, 16 Aprili

Imegeuka. Hakuna mtalii. Hata hivyo nilibaki kiroho papo mpaka treni ya mizigo ilipopita, kama vile mwili haujaambiwa.

Alhamisi, 18 Aprili

Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Mvua ya leo ilikuwa ya kupiga mabati mpaka mtu asisikie sauti yake mwenyewe. Mkuu aligonga kengele na wenyeji wenyewe hawakuisikia, ikabidi atembee jukwaani akiwaonyesha vidole viwili. Dirishani nilikuwa na foleni ya watu kumi na tano hivi. Wifi alikuwa ameondoka jukwaa la pili kwenda kujaza birika. Aliniinulia mkono alipopita, nikaitikia kwa kichwa. Nilijua pale ng'ambo hakuna mtu wa kuwarudisha wageni. Wakati nakata tiketi, wakaja wawili kutoka kwenye teksi, tiketi wanazo tayari, wakapita moja kwa moja kivukoni, bila kuja kwangu, kwa sababu vibao viliwekwa ili wasihitaji kuja kwangu. Mama mmoja mwenye nywele nyeupe na koti la mvua la njano, anaburuta sanduku la magurudumu, na mumewe mwenye fimbo.

Niliwaona treni ya abiria ilipokuwa inaanza kuingia njia ya kwanza, kabla haijaniziba. Niliinua macho nikaliona lile koti la njano limesimama chini ya kibao cha buluu. Nikatazama saa. Nikafunga dirisha katikati ya pesa ya mtu, nikatoka mbio.

Treni ya abiria ilikuwa imesimama, kwa hiyo sikuweza kukata moja kwa moja, ikabidi nikimbie urefu wa mabehewa yote mpaka kivukoni. Nilipofika upande huu, yule mama alikuwa ameshaingia njia ya pili upande ule. Mumewe alibaki nyuma jukwaani, hawezi haraka. Mama alifika katikati, na gurudumu la sanduku likaingia kwenye ufa wa ule ubao uliopinda. Akavuta. Nikapiga kelele kwa lugha pekee ninayoijua. Aliniona, akaniinulia mkono kama anayesema nakuja, nakuja, samahani. Honi ya mizigo ikalia kwenye kona.

Na bado akawa anavuta sanduku.

Nilimwona wifi, amerudi ng'ambo kwa kuzungukia mkia wa treni, anatokea nyuma yake na birika. Halafu treni ikaja kati yetu.

Treni ya mizigo haina madirisha. Ni ukuta. Nilisimama kwenye mvua nikahesabu mabehewa, kwa sababu sikujua kufanya kingine. Dereva alikuwa ameshika breki, magurudumu yanalia, lakini uzito ule hausimami kwa kuombwa. Kumi. Kumi na moja. Kwenye gurudumu la mojawapo nguo ilikuwa imenasa, inazunguka nalo, nyeupe, na sikuweza kuona ni nguo tu au kuna kitu ndani yake. Ishirini. Nilisema kwa sauti, Mungu wangu, ni mkono wangu uliosaini. Ishirini na sita.

Ilipoisha, nikawaona. Wifi amekaa chini kwenye kokoto, miguu imenyooka mbele kama mtoto, amemkumbatia yule mama kwa nyuma na hamwachii. Alimvuta kwa kofia ya koti. Birika imemwagikia mkono, ngozi imeanza kututumka. Sanduku halikuwepo. Nguo zimetapakaa mpaka mwisho wa jukwaa.

Wifi aliniambia, "Nimemshika?"

"Umemshika."

"Niambie kweli. Nimemshika?"

Mkuu alifika akamwinua yule mzee wa fimbo, aliyekuwa amekaa sakafuni jukwaani akitaja jina moja tu, tena na tena. Hakunitazama mimi, wala hakukitazama kibao.

Hayo si yaliyonikalia moyoni. Treni ya abiria ilizuiliwa nusu saa. Tulimfunga wifi mkono, tukawapa wale wawili mablanketi. Kabla ya kupanda, yule mama akaja dirishani. Midomo yake ilikuwa haina damu. Alitoa simu yake, akasema nayo maneno kwa lugha yake, akainyoosha kwenye dirisha, na simu ikanisemesha kwa lugha yetu, sauti ya kike, shwari kabisa:

"Tunaomba radhi sana kwa usumbufu. Hatukufuata maelekezo yenu vizuri. Lilikuwa kosa letu."

Nilitaka kumwambia, mliyafuata. Mliyafuata vizuri kuliko mtu yeyote. Simu ilikuwa pale, imenyooshwa, inangoja niseme chochote ikiseme kwa lugha yake. Sikusema. Nilitikisa kichwa nikamgongea tiketi zake muhuri. Akanishika mkono akaubana, akaenda.

Ijumaa, 19 Aprili

Sijaenda kazini. Mficha maradhi kifo humuumbua, tumekuwa tukisema hivyo tangu utoto, na kila mtu huwa anadhani ni maradhi ya jirani.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimeandika ripoti. Kurasa mbili. Mtaro, njia ya kwanza, kugeuza, kengele, fomu, vibao, dakika zote kuanzia sita hadi ile ambayo haikuwa hata moja. Nimeandika "niliona na nikanyamaza". Chini jina langu.

Ripoti bila muhuri wa Mkuu ni barua tu. Nikampelekea. Alisoma amesimama, akarudia mwanzo, akasoma tena.

"Umeandika jina lako peke yako."

"Fomu niliisaini peke yangu."

"Kugeuza hukukuanzisha wewe."

"Najua, Mkuu." Halafu nikamwambia kwamba nimeambiwa habari za mama yake, na kwamba nilikuwa nikimdhania vibaya, na kwamba naomba anisamehe. Maneno yalitoka yamebanana yote pamoja.

Akakaa. "Niliposikia honi juzi," akasema, "unajua nilichowaza kwanza? Niliwaza, sasa itafungwa. Mtu yuko relini, mimi nawaza stesheni." Alifungua droo, akatoa muhuri na kidau cha wino. Akaugandamiza kwenye karatasi kwa mikono yote miwili, muda mrefu kuliko muhuri unavyohitaji. "Mimi jina langu kwao lilishakwisha. Sasa lako. Pole, mama."

Halafu akatoka na spana, akakifungua kibao cha jukwaa la pili mwenyewe, boliti moja baada ya nyingine, mvua inamnyeshea.

Jumatatu, 29 Aprili

Amekuja mhandisi, msichana mdogo tu, kavaa buti. Aliingia kwenye mtaro mpaka magotini, akatoka, akapima kokoto kwa kisigino. Akaniambia hatari si ya wageni peke yao, treni ya abiria nayo ingezama mwaka huu au ujao, na watu wote ndani. Kuanzia tarehe 6 Mei zote zitapita njia ya pili, polepole, na kwa kuwa njia imebaki moja na hakuna pa kupishana, hakuna itakayosimama mpaka mtaro ujengwe upya.

"Utajengwa lini?" nikamuuliza.

"Ni kwa muda tu," akasema. Nilimwona anavyoona uso wangu, akaongeza kwamba yeye ameandika ni jambo la haraka. Nadhani ameandika kweli.

Jumatatu, 6 Mei

Haikusimama. Watu walikuja hata hivyo, wamevaa, na mizigo yao, kama hawakuamini. Mwalimu wa hesabu. Muuza mboga. Kijana anayetembelea gongo moja, anayekwenda kliniki Jumatatu. Ilipita, wakabaki wanatazama reli. Hakuna aliyenitukana. Muuza mboga alisema tu, kwa sauti ya kusikika, "Aliyeandika yeye anakaa hapo nyuma, hana haja ya kupanda." Ni kweli. Nyumba yangu iko hatua hamsini kutoka jukwaani.

Wifi alikusanya birika zake, akaondoka kwa mkono mmoja. Hakuniaga.

Alhamisi, 9 Mei

Nilikwenda kwake. Mwanawe akafungua mlango, akasema mama amelala. Nilimsikia mama akikohoa.

Jumatatu, 13 Mei

Mvua imepungua. Kijana wa gongo nimemwona barabarani, anatembea kwenda kusubiri gari. Nilimsalimia. Aliitika.

Ijumaa, 17 Mei

Nimesikia sokoni wananiita Ripoti.

Jumamosi, 18 Mei

Wifi amekuja. Saa nne kasorobo, hodi hakupiga, aliingia akavuta kiti cha jikoni akakaa. Mkono bado umefungwa.

"Sijaja kusamehe," akasema.

"Sawa."

"Nimekasirika na nitaendelea kukasirika. Miaka kumi na mmoja nilikuwa na sehemu yangu pale, watu wanakuja kwa jina langu. Sasa nakaa nyumbani kama picha ya ukutani."

"Sawa, wifi."

"Usiniambie sawa! Nimekuja kunywa chai, basi, maana sasa nina chai na sina wa kumuuzia."

Nikabandika maji. Alinishauri nipunguze moto. Nikapunguza. Baada ya muda akasema, anatazama mkono wake na si mimi, "Namwota. Yule mama. Kila siku namwota. Kwenye ndoto kofia ya koti inachanika."

"Haikuchanika."

"Najua haikuchanika. Kwenye ndoto inachanika."

Saa nne na robo tukasikia treni ya abiria inakuja. Haipigi tena honi ya kusimama, inapiga ile ndefu ya kupita. Vikombe vikatetemeka mezani. Nikaona midomo yake inacheza, nikajua kwamba na yeye anahesabu mabehewa. Ilipita yote. Sauti ikaenda ikapotea.

"Hakuna aliyevuka," wifi akasema.

"Hakuna."

Akanisogezea kikombe chake nimwongeze chai.